Mguu Nilioushona Mchesi

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ni wachache wanaolijua jina langu la ubatizo. Wananiita Mama Kole, kwa sababu sisi wa Bukavu gundi tunaiita kole, kama Wabelgiji walivyotuachia kwa Kifaransa chao, na mimi nimeishi na gundi miaka mingi kuliko nilivyoishi na marehemu mume wangu. Sasa kazi nimeiacha. Mikono inatetemeka, kifua kinapiga filimbi kila asubuhi kwa ajili ya moshi wa plastiki niliouvuta, na macho hayauoni tena ufa mwembamba hata nikiuelekeza juani. Nyinyi vijana mnaokaa na meza zenu kule sokoni mmeniomba mara nyingi niwaandikie ninayoyajua. Nimekubali. Lakini msitegemee kucheka sana. Kuna machache ya kuchekesha, nayo nitayatoa mapema, kwa sababu huko mbele sitakuwa nayo.

Tuanze na ufa wenyewe. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeisema nadhani alikuwa mwashi. Ufa wa plastiki hauishii pale macho yanapouona unaishia. Ukiupaka gundi sehemu unayoiona, utaendelea kutembea chini ya gundi yako, na baada ya wiki mteja amerudi na maneno. Chukueni masizi ya sufuria, sugueni juu ya ufa, kisha mfute kwa kitambaa. Mstari mweusi utabaki hadi pale ufa unapokwisha kweli. Hapo ndipo mchome katundu kadogo kwa msumari wa moto. Ufa ukifika kwenye tundu la mviringo unakosa pa kushika, unasimama. Wengi wenu hamfanyi hivyo. Nimepita kwenye meza zenu, nimeona.

Halafu usafi. Osheni kwa sabuni, kausheni, pigeni msasa mpaka mng'ao uishe, panguseni kwa spiriti, na baada ya hapo msiguse tena kwa kidole. Jasho la kidole lina mafuta, na gundi ikikaa juu ya mafuta imekaa juu ya uongo. Mkishapaka, fungeni kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na mkiache kitu mpaka kesho. Mteja atasema ana haraka. Wote wana haraka.

Mimi kazi hii sikuisomea. Nilifika Lilongwe nikiwa fundi cherehani, nimepanga kibaraza pale Mchesi, na jirani yangu kwenye kibaraza hicho alikuwa mwanaume wa Mitundu aliyetengeneza bampa za magari na maganda ya pikipiki. Wamalawi mwanaume wa heshima wanamwita bambo, nami nilimwita Bambo Kaliza mpaka siku tulipoagana. Alikuwa mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabika. Siku moja alikuwa na bampa iliyopasuka kutoka taa hadi taa, ameibandika mara mbili, mara mbili imeachia, na mwenye gari amesimama palepale amekunja mikono. Mimi nikiwa kwenye cherehani yangu nikasema, kwa Kichewa changu kibovu cha wakati ule, kwamba nguo ikichanika sisi hatuibandiki, tunaishona.

Mwenye gari alicheka. Bambo Kaliza hakucheka. Alinisogezea bampa, waya mwembamba na msumari.

Nilitoboa matundu pande zote mbili za ufa, nikashona kwa waya mishono ya msalaba, tena nikakata mkia wa waya kwa meno kama uzi, nikakatika kipande cha jino. Hilo jino mnaloona halipo mbele, ni la siku hiyo. Bambo Kaliza akauzamisha waya ndani ya plastiki kwa chuma cha moto, akapaka juu, akapiga rangi. Gari likaondoka. Mwezi uliofuata cherehani niliiweka kona na kukaa upande wake wa kibaraza.

Nilikosea sana, na nataka mjue, kwa sababu wazee wanapenda kusimulia kama vile walizaliwa wanajua. Wiki ya kwanza katekista mmoja alileta redio yake, kona imevunjika. Nikamimina supaglu bila kujua inavyokimbia, ikashuka mpaka kwenye vidole vyangu vitatu, na kabla sijapumua tayari mimi na redio tulikuwa kitu kimoja. Katekista hakutaka kupitwa na taarifa ya habari. Akaiwasha. Akaketi mbele yangu na kunisikiliza mpaka habari za michezo, mimi nimeinyoosha mikono kama sanamu ya bikira, wauza viazi wa kando wamejaa kutazama. Bambo Kaliza alileta maji ya uvuguvugu na sabuni, akanitoa taratibu, ngozi kidogo ikabaki kwenye redio. Kwa hiyo wanangu, tone moja linatosha, na muwe na maji ya sabuni karibu.

Fundisho kubwa kuliko yote alinipa kwa kikombe cha maji. Alikata vipande viwili vyembamba vya plastiki, kimoja cha ganda la redio, kimoja cha ndoo, akavitupa majini. Cha redio kikazama. Cha ndoo kikaelea.

"Kinachozama kinapenda gundi," aliniambia. "Kinachoelea hakina rafiki. Ukikibandika kinakudanganya siku chache, kisha kinaachia. Amayi, ikielea, sema hapana."

Amayi ni mama kwa Kichewa. Aliniita hivyo ingawa alinizidi umri.

Ni kweli aliyosema. Ndoo, mabeseni, madumu, hizo zote ziko na nta fulani ndani yake. Ukizikwangua kwa kucha utaisikia, na zikiungua zinanuka mshumaa. Zinaweza kushonwa, zinaweza kuyeyushwa kwa chuma cha moto zikashikana zenyewe kwa zenyewe, nazo zitabeba unga, zitabeba nguo chafu. Kitu kizito kinachozipinda kila saa hazitakibeba. Ndoo iliyozibwa haibebi mtu. Hilo nalisema hapa ili lisije likasemwa kwamba sikujua. Nilijua. Nilikuwa nimeshalijua miaka minne siku Godeliva alipokuja.

Godeliva alikuwa Mrundi, mama wa watu wazima wawili, akiishi hapahapa Dzaleka na kuuza nyanya na mboga. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti kule kwao, kwa kitu alichokanyaga njiani akitoka shamba. Hospitalini Lilongwe walimtengenezea mguu wa plastiki, wenye rangi ya ngozi, na kwa mguu huo alitembea na beseni lake kichwani mpaka nje ya kambi na kurudi. Kama hukuambiwa usingejua. Ila mguu ulipasuka. Ufa ulianzia juu, kwenye kikombe kinachoshika kigutu, ukashuka urefu wa kidole. Alikwenda hospitalini, wakamwandikia arudi baada ya miezi. Mtu wa kwaya ya kanisani kwake akamwambia yuko mama wa Bukavu pale Mchesi anayeshona plastiki.

Alifika asubuhi kwa fimbo, mguu ameubeba kwenye kitenge kama mtoto. Alikuwa na karatasi ya ruhusa ya siku tatu kutoka kambini.

Bambo Kaliza aliushika kwa heshima, akaugeuza. Akauliza kama anaweza kukwangua kidogo. Akakata unywele wa plastiki pembeni, akautia kwenye kikombe chake cha maji. Tulikuwa watatu tukitazama kikombe. Ulielea.

"Pepani, amayi," alimwambia, yaani samahani. Kisha akanigeukia mimi nimtafsirie: gundi haitashika, waya hautashika, mtu ni mzito na kila hatua anaupinda. Aliahidi kwamba akitoka Mitundu, ambako alikuwa anakwenda siku ileile kumzika shangazi yake, atampeleka mwenyewe hospitalini, yuko mtu wa kwao anayefagia pale, pengine watamwona mapema.

Nilitafsiri la gundi na la hospitali; la waya nililiruka. Godeliva alisikiliza mpaka mwisho, akafunga mguu ndani ya kitenge. Hakulia. Aliuliza tu, "Atarudi siku gani?"

"Siku nne."

"Mi karatasi yangu inaisha mbele ya hapo," akasema, yaani kabla ya siku hiyo.

Alilala kwangu. Alikula nsima, ugali wa huku, na mboga kidogo, akanisimulia soko lake, jinsi wateja wake walivyo na vichwa vigumu, na kwamba akikaa mwezi mmoja bila kuonekana nafasi yake itachukuliwa na mwanamke fulani ambaye alimtaja kwa jina na kwa dharau. Alikuwa mcheshi. Asubuhi nilimkuta ameamka kabla yangu, ameketi mlangoni na mguu mapajani, anautazama ule ufa.

"Mama Kole," akasema, "we ulishona bampa ya gari. Gari ni nzito kuliko mi."

Mngekuwa nyinyi mngejibu nini? Jibu lilikuwepo. Bampa haibebi gari, gari ndilo linabeba bampa. Maneno sita au saba tu. Badala yake nilisema, "Ngoja nione."

Nilifanya kazi siku nzima, na niwaambie ukweli, sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilitafuta mwisho wa ufa kwa masizi, nikachoma tundu. Nilishona kwa waya mwembamba kuliko wote, mishono myembamba kama ya gauni la harusi, nikauzamisha kwa moto. Nilichanganya ile gundi ya mirija miwili, sawa kwa sawa, nikailaza juu ya kipande cha chandarua, tabaka tatu. Ndani nilisugua mpaka nikipitisha shavu sisikii kitu, kisha nikabandika kipande cha sweta. Godeliva alikuwa ameketi mbele yangu muda wote akiitazama mikono yangu. Hakuna mtu, hata mume wangu, aliyewahi kuitazama mikono yangu namna ile. Nadhani hapo ndipo nilipopotea. Nilijua plastiki ile inaelea, lakini nilikuwa nimeshakuwa Mama Kole, na wauza viazi walikuwa wamesimama wanatazama, na kusema hapana kulikuwa kunazidi kuwa kugumu kila mshono ulivyoongezeka.

Siku ya tatu aliuvaa. Akatembea kibarazani, mara moja, mara mbili, akageuka bila fimbo. Wauza viazi wakapiga makofi.

Akasimama mbele yangu. "Itashika?"

"Itashika," nikasema.

Bambo Kaliza aliporudi aliuliza habari za yule mama. Nikasema amekwenda. Yeye akachukua ufagio, kazi ambayo siku zote niliifanya mimi, akafagia chini ya meza, na kwenye kizoleo nikaona vumbi lenye rangi ya ngozi. Alilitazama kwa muda, akalimwaga nje.

Mguu ulishika wiki tano. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Godeliva alikuwa anatoka bombani na ndoo ya maji kichwani, akateleza, au alidhani ameteleza, na akaanguka kwa upande. Ufa ulikuwa umefunguka upya, pembeni kidogo ya mishono yangu, ukafumba na nyama ya kigutu katikati. Alikaa siku kadhaa akiosha kidonda kwa maji ya chumvi, hakusema kwa mtu, maana alitaka kuendelea kuuza. Kilipoanza kunuka watoto wake wakambeba. Hospitalini wakakata tena, safari hii juu ya goti. Na juu ya goti mguu wa plastiki si kazi ileile. Unahitaji kiungo, unahitaji mazoezi ya muda mrefu, unahitaji nguvu ambazo yeye hakuwa nazo tena. Hakupata mwingine.

Habari hizo nililetewa na mtu wa kwaya. Bambo Kaliza alikuwepo, akanisikia nikiuliza maswali, akaelewa.

"Siku ile ulinisikia?" akaniuliza baadaye.

"Nilikusikia."

Akatikisa kichwa. Hakunifukuza, hakunikaripia. Lakini tangu hapo mteja akija na kitu, alikipokea yeye, akakipima yeye, mimi akanipa yaliyokwisha kuamuliwa. Tuliendelea hivyo miaka. Nilipata fedha ya kula na nikawa na kazi, ila sikuwa fundi tena. Dzaleka sikuja kumtazama Godeliva. Kila mwezi nilikuwa na sababu.

Kisha likaja agizo kwamba sisi wakimbizi tunaoishi mjini turudi kambini. Mnakumbuka magari yale yaliyotuleta. Bambo Kaliza alinisaidia kufunga mizigo, akanipa msasa na koleo dogo, tukashikana mikono. Nasikia naye hatengenezi tena. Anauza bampa mpya zinazokuja kwa makontena, kwa sababu kijana wa leo hataki kiraka, na kitu kipya ni rahisi hata kama kitapasuka kesho. Sitawaficha: hii kazi mnayojifunza inakufa. Gundi mnazouziwa nyingi ni maji na harufu. Plastiki inayokuja ni nyembamba zaidi kila mwaka. Mtaziba, na mtaziba tena palepale, na mimi sina neno la kuwatia moyo. Sisi hapa wote tunasubiri kitu, wengine tangu kabla hamjazaliwa, na sijaona kikija kwa walio wengi.

Chumba nilichopata kilikuwa nyumba ya nne kutoka kwa Godeliva.

Nilidhani atanitemea mate. Siku ya pili alinitumia salamu, nikaenda. Alikuwa ameketi juu ya mkeka mlangoni, akimenya mihogo, kitenge kimelala bapa upande mmoja. Alikuwa amenenepa uso na kukonda mikono. Aliponiona alicheka kabisa.

"Ni ye njo alinitengenezea mguu," akawaambia majirani akininyooshea kidole. "Nilitembea na ule mguu kama msichana."

Nikaketi. Akanipa muhogo. Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka miwili, kama ndugu. Nilimtekea maji. Nilimfulia. Jumapili nilisukuma kiti chake cha magurudumu mpaka kanisani, na kiti kilipopasuka pa kuwekea mkono nilikishona. Watu walisema Mama Kole ana moyo. Kila waliposema hivyo nilitamani kuingia chini ya ardhi.

Mwaka huu, wakati wa Kwaresima, nilishindwa kubeba zaidi. Nilikwenda mchana, watoto wake hawapo, naye akimenya mihogo, nikaketi kwenye mkeka na kumwambia. Nilimwambia maana ya kikombe cha maji, kile kipande kilichoelea, maneno ya Bambo Kaliza ambayo nilikuwa nimeyatafsiri nusu nusu, na kwamba nilipomjibu "itashika" nilijua haitashika.

Aliacha kumenya. "Ile siku ulijua?"

"Nilijua."

"Mbele niondoke Mchesi?"

"Mbele uondoke."

Jirani alipita, akatusalimu, Godeliva akaitikia vizuri kama kawaida. Jirani alipokwenda akasema, taratibu, bila kunitazama:

"Mi nilizani ni tope. Nilizani ni ile ndoo. Batoto banaambia watu, mama ni mubishi, alibeba ndoo na mguu wa plastiki, akajivunja mwenyewe. Na mi nikakubali. Niko na miaka yote hii nasali Mungu anisamehe juu ya ile ndoo."

Nikamwambia, nisamehe.

"Unataka nikusamehe leo," akasema. "Ile siku ungeniambia hapana, ningelia kidogo, ningerudi na fimbo, ningengoja hospitali. Leo hapana yako itanisaidia nini? Umekuja kutua mzigo wako hapa kwangu. Nilikuwa na jirani. Sasa sina."

Nilitaka kusema kwamba nitaendelea kumtekea maji, kwamba nitasukuma kiti. Wanangu, nawaandikia haya ili siku mtakapokuwa na kitu cha mtu mkononi, na mnajua, na anawatazama usoni, mlitoe lile neno la hapana palepale, hata kama watu wamesimama. Likichelewa halina kazi tena. Linabaki kuwa la kujisaidia mwenyewe tu.

Godeliva alichukua kisu na muhogo mwingine. Kwetu na kwao mgeni hatoki bila kusindikizwa, hata hatua tatu, hata kama mmegombana. Niliinuka, nikasimama pale mlangoni bila kujua niache vipi.

"Enda, Mama Kole," akasema. "Mi siwezi kusimama nikusindikize."